Sikio Nalo ni Amana



Likizo ya Disemba iliyopita nilisafiri na mwanangu, kijana wa miaka 16, kutoka Mombasa kwenda Maskati kumzuru dadangu aliyeolewa huko. Wazee wa shemeji yangu walitoka Unguja, na Kiswahili hakijahama nyumbani mwao, basi mwanangu hakuona ugeni. Hata wiki haijesha, binamu zake wakamwalika waende pamoja kulenga shabaha Jumamosi asubuhi.

Waomani wanaupenda mchezo huu kwa dhati. Katika razha, ngoma yao ya wanaume, panga na bunduki hubebwa kwa fahari; na Omani iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Los Angeles mwaka 1984, walenga shabaha walikuwamo katika kikosi chake. Wala si mchezo wa wanaume pekee. Mwaka 2012, mjini London, bendera ya Qatar ilibebwa na binti mlenga shabaha, Bahiya Al-Hamad. Kwa hivyo sikuwa na neno juu ya mchezo wenyewe. Uwanja ulikuwa na kibali, na msimamizi hakosekani. Lililonitia hofu lilikuwa ndani ya nyumba ile ile.

Ami yake shemeji, ambaye nyumba nzima humwita Ami, ni mzee mcheshi aliyewahi kusifika kwa shabaha. Tangu ujana wake alifyatua bunduki bila ya kuziba masikio, na kwa zama zake kuziba kulihesabiwa uoga. Sasa barazani hukaa kimya. Akiulizwa jambo, hujibu jingine. Jamaa walikwisha kusadiki kwamba uzee umemtia ukavu. Kila baada ya Magharibi, mjukuu wake wa miaka sita huketi ubavuni pake na kumsomea Al-Fatiha. Usiku mmoja nikamwona mtoto amemaliza, anamtazama babu yake akingoja kusikia "Amin". Mzee alikuwa bado akitikisa kichwa, akidhani kisomo kinaendelea. Mtoto akanijia jikoni na kuninong'oneza: "Khalati, Babu hapendi ninavyosoma."

Asubuhi ya Jumamosi, binamu mkubwa akachana pamba na kumpa mwanangu vipande viwili vya kutia masikioni. Kabla sijapima maneno, nilisema, "Hapana." Pakawa kimya. Dadangu akanikonyeza ninyamaze, maana mimi ni mgeni, na mgeni hamfundishi mwenyeji mambo ya nyumba yake. Shemeji akatabasamu: "Shemeji, sote tumekua hivi." Nilijua kwamba nikishika msimamo nitawavunjia heshima, na nikilegea nitakuwa nimeyauza masikio ya mwanangu kwa ajili ya adabu. Basi nikamsogelea shemeji na kumweleza kwa upole maneno ya yule mtoto. Akainamisha kichwa kwa muda. Kisha akatwaa funguo za gari, akawaambia vijana, "Mtakwenda Jumamosi ijayo, inshallah. Kwanza tumpeleke Ami kupimwa masikio."

Mtaalamu wa masikio aliyempima alitufunza mengi kwa saa moja. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojizungusha mfano wa konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Mwanadamu huzaliwa na takriban seli 15,000 za aina hii katika kila sikio, na zikifa haziоti tena. Mazungumzo ya kawaida hufikia kama desibeli 60. Mlio wa bunduki ndogo ya .22 hukaribia 140, na bunduki kubwa na bastola nyingi hupita 150. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi. Kwa milio ya ghafla namna hii, Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto. Risasi moja tu yaweza kuacha jeraha la kudumu.

Zinazotangulia kupotea ni sauti nyembamba: herufi kama s, f, th na sh, na sauti za watoto. Ndiyo sababu Ami alisikia kwamba mtu anasema, lakini asijue asemalo. Mtaalamu akatuonyesha pia kwamba sikio lake la kushoto limeharibika zaidi ya la kulia. Mwenye kufyatua kwa mkono wa kulia huelekeza sikio la kushoto upande wa mdomo wa mtutu, na la kulia hupata kivuli cha kichwa chake mwenyewe.

Tukaenda dukani, nami nikaingia na maswali yangu yote. Pamba haifai, wala vidole, wala visikizio vya simu. Kinga za kweli ni namna mbili: vizibo vinavyoingia ndani ya sikio, na vifuniko vya duara vinavyolikumbatia sikio zima. Pakiti za Marekani huandikwa NRR pamoja na nambari, na za Ulaya SNR. Nambari hiyo hupimwa maabarani, ambako kila kitu huvaliwa barabara. Kanuni moja ya hadhari itumikayo Marekani ni kuondoa 7 katika NRR, kisha kugawa kwa mbili. Kizibo kilichoandikwa 33, basi, kitegemee kukupa kama 13 tu.

Vizibo vya sponji ni rahisi kwa bei, lakini vina adabu yake. Kisokote hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kitie, kisha kishikilie kwa nusu dakika kipate kufura. Kikibaki kimechomoza nje, hakijakukinga. Vifuniko ni vyepesi kuvaa sawasawa, ila pedi zake zikikakamaa au kupasuka zibadilishwe. Viko pia vyenye vipaza sauti vidogo, vinavyopitisha maneno ya kawaida na kuufifisha mlio mkubwa. Hivyo humfaa anayejifunza, kwa kuwa husikia amri ya msimamizi bila ya kuvivua. Kwa bunduki kubwa, au uwanja ulio ndani ya jengo ambamo mlio hurudi kutoka ukutani, zivaliwe kinga zote mbili pamoja. Nambari zake hazijumlishwi, kwani ya pili huongeza kama desibeli 5 tu, lakini tano hizo zina maana.

Sasa nawageukia akina mama na mabinti, kwa sababu hili sikulisikia kwa muuza duka. Binti wa dadangu, aliye chuoni, naye hupenda kulenga shabaha, na siku zote alivaa vifuniko juu ya mtandio. Tulipojaribu nyumbani, tuliona kwamba mikunjo ya kitambaa inaiinua pedi na kuacha mwanya, na sauti hupita papo hapo. Miguu ya miwani hufanya vivyo hivyo, na nywele nene pia. Dawa yake ni kutia vizibo kwanza, kisha kujifunga mtandio. Au kuvaa vifuniko vilivyo vyembamba moja kwa moja juu ya masikio na kuuteremsha mtandio juu yake. Stara haikupungua, na sikio likahifadhika. Ama mwenye mimba, na akae mbali kabisa na uwanja. Kinga iliyo masikioni mwake haimkingi mtoto aliye tumboni.

Jumamosi iliyofuata walikwenda, nami nikaenda nao. Mwanangu alivaa vizibo na vifuniko, na hakuvua hata alipokuwa akipumzika, kwani jirani yake alikuwa bado akifyatua. Ami alikuja pia, akaketi nyuma na vifuniko vyake vipya. Binamu mmoja alipomtania, alijibu, "Nililobakishiwa nalilinda."

Huku kwetu Mombasa ni wachache wenye kushika bunduki kwa mchezo. Lakini spika za harusi na mashine za kukatia vyuma hazina huruma zaidi, na vijana wetu hufanya kazi mbele yake masikio wazi. Ukisikia mvumo masikioni baada ya kelele, au maneno ya watu yakikujia kama yamefunikwa blanketi, hiyo ni ishara ya kujeruhiwa. Ondoka penye kelele, na hali isipotulia, mwone daktari upesi.

Usiku wa mwisho kabla ya safari, baada ya Magharibi, dadangu aliiondoa dele ya kahawa iliyokuwa daima upande wa kulia wa Ami, akamkalisha mjukuu pale pale, uso kwa uso na babu yake. Tulimwagiza asome polepole. Alipofika mwisho alinyamaza akatazama juu.

"Amin," akasema Ami.

Mtoto akanigeukia, akacheka, kisha akaanza kusoma upya.