Maji Yasibaki

12 Oktoba, Jumamosi

Boti imetoka majini. Saa tatu asubuhi, upepo hakuna, ziwa Minnetonka limehamwa. Magati ya mbele ya nyumba za watu yameshafunguliwa vipande vipande na kulazwa juu ya nyasi. Binti alishika kamba ya omo, mimi nikarudisha trela nyuma, boti ikapanda na kukaa sawa. Ana mikono ya babu yake huyu mtoto, havuti kamba kwa pupa.

Nguruzi nimeitoa pale pale kabla hatujaingia barabarani. Ndiyo sheria ya Minnesota, maji ya ziwa moja yasisafirishwe kwenda jingine. Mguu wa injini umeota kome pundamilia kila penye kona, wadogo, wakali. Kabla ya 2010 hawakujulikana ziwa hili. Tumewakwangua. Binti kajikata kidole kidogo akakificha mfukoni nisimwambie aache. Nilimwona. Nikanyamaza.

Duka la boti wanataka dola 520, kuifunga sasa na kuifungua barafu ikiisha. Nimewashukuru, nimekataa. Pesa ni nyingi, lakini si pesa peke yake. Sitaki kuambiwa na mtu kwamba injini yangu imekauka. Nataka nione maji yakitoka.

13 Oktoba, Jumapili

Siku ya mafuta. Tangi nimelijaza karibu lote kwa petroli isiyo na ethanoli. Ghali, ila haivuti unyevu ikikaa miezi sita. Juu yake dawa ya kuitunza. Kisha vikombe vya mpira mguuni, bomba la bustani, injini ikanguruma robo saa ili dawa ifike mpaka ndani ya kabureta. Maji lazima yawe yanapita muda wote. Pampu ikizunguka kavu, mpira wake unaungua kabla hujamaliza bismillahi.

Oili nimeimwaga injini ingali moto, ibebe uchafu wake wote. Filta mpya.

Mafuta ya gia ndiyo yaliyoninyima usingizi jana. Skrubu ya chini, kisha ya juu, bakuli jeupe chini yake. Yangetoka meupe kama maziwa ningejua sili imekufa na maji yamo ndani, yanangoja kuganda na kulipasua sanduku la gia. Yametoka mazito, meusi kidogo, hayana weupe wowote. Kwenye sumaku ya skrubu kuna unga laini tu wa chuma, hakuna vipande. Mapya yanasukumwa kwa pampu kutoka chini kwenda juu, hewa ikimbie mbele yake, mpaka yachungulie tundu la juu bila mapovu. Nimeingia na lile bakuli jikoni kumwonyesha mke wangu. Kaangalia, kaniangalia na mimi. "Alhamdulillahi. Haya, lipeleke nje."

19 Oktoba, Jumamosi

Siku ya maji. Nimeingojea wiki nzima.

Injini hii, V6 ya lita 4.3, hupozwa na ziwa lenyewe. Maji yanavutwa, yanazunguka ndani ya chuma, yanatoka pamoja na moshi. Siyo yote. Yanayobaki yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na chuma cha kalibu hakinyumbuki.

Manifoldi ya kulia: maji. Ya kushoto: maji. Bomba kubwa chini ya pampu ya mzunguko: maji mengi, yamenimwagikia kifuani, baridi ya kukata pumzi. Bloku upande wa kulia: yametoka kwa nguvu, kisha taratibu, kisha matone.

Bloku upande wa kushoto: kimya.

Skrubu mkononi, tundu wazi, hakuna tone. Hapo ndipo injini za watu zinapofia. Kutu na mchanga hujikusanya nyuma ya tundu, mtu anaona pakavu, anafunga, anakwenda zake, na maji yote yamo. Nimechukua hanga ya nguo, nikaunyoosha waya, nikachokoa. Kutu. Nikachokoa tena, uji mwekundu. Nikachokoa mpaka vidole vikafa ganzi, na kwa ghafla yakaja.

Lakini machache! Nimeweka ndoo mbili sambamba. Ya kushoto haijafika robo tatu ya mwenziwe. Waya tena. Kompresa. Nimeinua pua ya trela shetri ishuke. Matone. Matone.

Nimeliacha wazi mpaka kesho. Sijui nitalala vipi.

20 Oktoba, Jumapili

Pakavu chini ya tundu la kushoto. Nimepitisha waya, umetoka mkavu.

Halafu antifrizi ya waridi, ile ya propileni glaikoli, isiyoua mbwa wa jirani ikimwagika. Nimeimimina kwenye mabomba ya juu mpaka ikachungulia kila tundu. Kushoto pia, na rangi yake imekolea. Ingekutana na maji mengi humo ingetoka imepauka. Akili imeridhika. Moyo bado.

Mwisho nikafungua plagi nikapuliza mafuta ya kulinda silinda. Ile harufu! Si harufu ya sifa, siyo hata karibu, lakini nimejikuta Matondoni, Lamu, mwezi wa sita, kusi limechachamaa, mashua ya Baba imelazwa ubavu ufukweni. Makuti yanawaka chini yake kuua wadudu wa mbao, sisi watoto tunafukuzwa moshini na tunarudi. Kisha shahamu na chokaa, anapaka kwa kiganja chake, ubao baada ya ubao. Kalafati alimwachia fundi. Kupaka hakumwachia mtu. Nilidhani ni ubahili. Leo nikiwa nimelala ndani ya ngama na tochi mdomoni nimemwelewa, na hayupo wa kumwambia.

2 Novemba, Jumamosi

Turubai limefungwa. Fremu ya mabomba ya plastiki chini yake ili theluji iteleze isikae. Nafasi za hewa mbele na nyuma, unyevu ukikosa pa kutokea huotesha ukungu kwenye viti. Mguu umeshushwa chini kabisa, maji ya ndani yajitoe yenyewe. Steliwuli kwenye matundu ya moshi, panya wa hapa wanapenda injini. Skrubu zote za kutolea maji pamoja na nguruzi zimo kwenye mfuko, mfuko umefungwa kwenye usukani, hakuna atakayewasha bila kuziona. Betri iko chini ya nyumba, juu ya ubao.

Sasa hakuna cha kufanya. Hilo ndilo gumu.

28 Novemba, Alhamisi

Sikukuu yao ya Shukrani. Mzee jirani katualika. Baada ya chakula kanichukua gereji, kavuta kitambaa, kanionyesha bloku ya boti yake ya zamani. Ufa, urefu wa kiganja, ubavuni chini ya manifoldi. Ukiangalia bila taa huuoni. Alifungua skrubu, haikutoka hata tone, akaamini hakuna maji. Kanieleza polepole, na mkono wake ulikuwa unaupapasa ule ufa muda wote.

Nikamuuliza, upande gani? Kushoto.

Sikumwambia mke wangu.

20 Januari, Jumatatu

Chini ya −25 za Selsiasi. Kuta za nyumba zinalia usiku. Saa nane nimeamka, nimesimama dirishani, turubai liko palepale na theluji juu yake. Nimepiga hesabu ya zile ndoo tena. Kulia, kushoto. Trela ilikuwa imeinama upande? Kama iliinama, tofauti ya maji ina maelezo. Ua wetu unateremka kidogo kuelekea uzio, hilo ni kweli. Najitafutia faraja, lakini ni kweli.

Nimeshuka kuangalia betri, kwa kuwa ndicho kitu pekee ninachoweza kukishika. Volti 12.7. Hii hata ningeiacha nje isingeganda, iliyojaa huvumilia baridi kali kuliko ya leo. Iliyokufa ndiyo huganda mapema na kupasuka.

Mke wangu kanikuta kwenye ngazi. Hakuuliza. Kanitilia chai ya tangawizi, tukakaa mpaka saa kumi.

16 Februari, Jumapili

Nimeongea na Mama. Lamu kaskazi, joto, embe zimekwisha, kaka yuko baharini tangu juzi. Kauliza habari za watoto, kisha: "Na chombo?" Nikamweleza habari ya maji kuganda ndani ya chuma. Kanyamaza. "Maji, mwanangu? Maji yapasue chuma?" Ndiyo, Mama. Kaniombea dua ndefu, na chombo kakitaja.

Nimelala usiku kucha.

30 Machi, Jumapili

Idd. Mvua na theluji pamoja. Binti, na nguo zake mpya, kachungulia chini ya turubai kabla hatujaenda msikitini. Kasema kunanuka panya. Moyo ukaruka. Si leo. Leo ni sikukuu.

12 Aprili, Jumamosi

Panya hakuna, ni kitambaa kilichooza. Ziwa limefunguka, maji meusi, bado ya kuua.

Nimelala ndani ya ngama kabla ya kugusa chochote kingine. Tochi, kioo kidogo, kidole. Upande wa kushoto kuanzia mbele: chini ya manifoldi, kuzunguka vifuniko vya duara vya bloku, nyuma mpaka kwenye gamba la flaiwili. Kidole polepole. Kuna mstari! Hapana, ni rangi iliyopasuka, nimeikwangua, chuma chini yake kizima. Nikarudia kutoka nyuma kuja mbele. Binti juu: "Baba? Baba, upo?" Nipo.

Hakuna ufa wa kuonekana. Lakini wa jirani nao hauonekani.

19 Aprili, Jumamosi

Naandika mikono ikinuka grisi, sijaoga, lazima niandike.

Mguu tuliufungua jana. Impela mpya, ya zamani mabawa yake yamepinda upande mmoja na hayarudi. Mpira wa kukinga maunganio ya shafti nimeukunjua mkunjo kwa mkunjo mbele ya taa, hauna tundu. Beringi ya ndani nimeizungusha kwa kidole, laini, hailii. Kipande cha magnisiamu cha kukinga mguu na kutu kimeliwa zaidi ya nusu, nimefunga kipya. Magnisiamu ni kwa maji yasiyo na chumvi kama haya, zinki tumwachie kaka na bahari yake. Skrubu zote zimerudi na dawa kwenye nyuzi zake, binti akizihesabu kwa sauti.

Betri. Vikombe vya mpira. Maji yafunguliwe. Feni dakika nne kutoa mvuke wa petroli, na hizo dakika nne ni ndefu.

Ufunguo. Ikazunguka, ikakohoa moshi wa bluu wa yale mafuta ya silinda, ikazima. Tena. Ikashika! Moshi umejaa ua mzima, mke wangu kafunga madirisha, mzee jirani katoka na kikombe chake. Mabaki ya ile antifrizi ya waridi yakaanza kutoka nyuma, tukayakinga kwa ndoo, kisha yakapauka, kisha maji meupe. Hakuna aliyesema neno. Tochi upande wa kushoto: kavu. Dakika tano, kavu. Kumi, joto limepanda, chuma kimetanuka, na ufa kama upo sasa ndiyo saa yake. Kavu.

Nimezima. Kijiti cha oili. Maji yangekuwa yamepita ndani yangejionyesha hapa, oili ingegeuka uji mweupe. Nimekifuta, nimekichovya, nikampa binti akitoe yeye.

"Rangi ya asali, Baba."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Rangi ya asali.

Mzee jirani kanipa mkono, akaushika kitambo. Nimesujudu gereji, juu ya saruji yenye mafuta. Nimempigia Mama, kwao usiku, kapokea mlio wa kwanza. "Hakikupasuka?" Hakikupasuka, Mama.

10 Mei, Jumamosi

Msimu wa kuvua samaki wa wolai umefunguliwa leo, magari yamepanga foleni kwenye gati tangu giza. Binti kafunga nguruzi mwenyewe, kaijaribu kwa mkono, kanitangazia kwa sauti foleni nzima isikie. Boti imeshuka. Imeelea. Ngama kavu.

Tumekwenda mpaka upande wa pili tukarudi, mke wangu mbele na shali yake, hajasema anaogopa. Geji ya joto 160 ya Farenhaiti muda wote, oili sindano haikutikisika. Samaki hatukupata. Nyumbani nimechomoa kijiti tena: safi.

Injini ni nzima, pande zote mbili.