Ukingo wa Mbele, Saluni kwa Saluni

Kenyatta Market, Nairobi, wasusi wanakuona kabla hujawaona. "Auntie, kuja tusuke!" "Mrembo, unataka matuta ama rasta?" Upande mmoja ni moshi wa nyama choma, upande wa pili vibanda vya nywele vilivyobanana, na ndani ya kibanda mteja mmoja amezungukwa na wanawake wawili, watatu, hata wanne, kila mmoja na upande wake wa kichwa. Ndiyo sifa ya soko hili. Kichwa ambacho kwetu Dar es Salaam kingekula mchana mzima, hapa mtu anaingia nacho mapumziko ya mchana na jioni yuko kwenye matatu amependeza.

Mimi nilikuwa natazama sehemu moja tu, kama ninavyofanya siku hizi katika kila mji ninaopita: ule ukingo wa mbele, kuanzia juu ya sikio, kupitia panjani, hadi katikati ya paji la uso. Hapo ndipo nywele za wanawake wengi wa rika langu zimeanza kuaga, na ufundi wa kuficha unapimwa hapo hapo.

Dada aliyekuwa kitini alikuwa na panja tupu pande zote mbili. Kilichobaki ni nywele laini chache zilizosimama peke yake kwenye mpaka wa uso, na nyuma yake ngozi. Msusi alizichota kwa ncha ya kitana, akachovya kidole kwenye jeli, akazilaza, akashika kishungi cha rasta na kuanza kusokota. Ngozi ikainuka mahali msuko ulipoanzia, kama hema dogo.

"Hapo mbele usivute sana," dada alisema.

"Nikilegeza itaonekana," msusi akajibu bila kusimamisha vidole.

Alikuwa anasema kweli. Msuko ulipolala, panja ilifichika kabisa, na dada alipoinua kioo uso wake ulifunguka kwa furaha. Lakini mzigo wote ule wa rasta, unaoshuka hadi kiunoni, sasa umening'inia kwenye nywele zilizokuwa za mwisho kubaki. Usiku ule angelala kifudifudi kwa maumivu, au angemeza dawa ya kutuliza, na kesho yake angesifiwa ofisini. Tunalijua hilo wote tuliowahi kusukwa.

Kwamba mvuto wa muda mrefu hung'oa nywele za ukingoni si jambo jipya wala si la Waafrika peke yao. Mwaka 1907 Mwaustria Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele juu kwa kukaza, na wakapoteza zile za mbele na za pembeni. Karne moja baadaye Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake waliwachunguza watu wa Cape Town, wakakuta karibu theluthi moja ya wanawake wazima wana alama hizo hizo. Waligundua pia kuwa hatari huongezeka nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zinapokuja kusukwa kwa kukazwa. Na huo ndio mtindo wetu: leo dawa, kesho rasta.

Kwetu Dar, Kariakoo wanaficha kwa njia nyingine. Huko wigi ndilo linalotawala, hasa lile lenye wavu mwembamba mbele, linalobandikwa kwa gundi juu ya paji hadi mtu asijue nywele zinaanzia wapi. Nilimtazama fundi mmoja akilibandua la zamani ili aweke jipya. Kwenye ukingo wa wavu, ndani ya gundi iliyokauka, zilikuwa zimenasa nywele fupi za mteja mwenyewe, nyeusi, na mizizi yake. Fundi alizifuta kwa kitambaa akaendelea na kazi. Wigi lenyewe silipingi. La kuvaa na kuvua, lenye mpira usiobana na kofia laini ndani, ni pumziko zuri kwa kichwa kilichochoka. Tatizo ni gundi.

Niliyempenda kuliko wote nilimkuta Sinza, anasukia barazani kwake. Hagusi nywele za mbele. Anaanzia upana wa vidole viwili nyuma ya ukingo, na rasta zake hazina fundo kichwani: anaanza na nywele zenyewe, kisha anachomeka rasta kidogo kidogo anavyoshuka, ili uzito usikae wote kwenye shina. Panja anaificha mwisho. Njia ya nywele anaihamishia upande wenye nywele nyingi, kisha anateremsha misuko michache myembamba ivuke paji na kufunika upande ulioliwa. Palipobaki peupe anapaka wanja mkavu kwa brashi ndogo. Mteja akitingisha kichwa, misuko inacheza na ngozi haivutiki. Kazi inachukua muda mrefu na haidumu wiki nyingi, ndiyo maana wengine wanamkimbia. Kwangu mimi huyu ndiye fundi.

Wanaume nao wana yao. Katika saluni za kiume za Dar, kinyozi akikuta mstari wa mbele umepinda anaunyoosha kwa mashine na wembe, na ili unyooke lazima apande juu kidogo. Wiki mbili baadaye anapanda tena. Panja zinazorudi nyuma anazijaza rangi nyeusi, mstari unakuwa kama umepigwa rula, na kwa siku mbili tatu kijana anapendeza kweli, mpaka jasho lianze kufanya kazi yake. Kwa panja zinazorudi kwa urithi, kinyozi mwenye busara hukata fupi kichwa kizima ili tofauti ya juu na pembeni isionekane. Ni ficho la bei nafuu na halidhuru kitu.

Unguja nilidhani nitakuta ahueni, kwa kuwa ushungi unafunika kila kitu. Bibi mmoja wa Mji Mkongwe alinisahihisha. "Mwanangu, kufunika si kupumzisha," aliniambia, akanionyesha kofia ya ndani ambayo wajukuu wake huivaa kubana nywele, na alama iliyoiacha kwenye mapaji yao. Yeye hulegeza nywele akifika nyumbani, hupaka mafuta ya nazi, na kusuka mikia miwili isiyokazwa. Mafuta hayaoteshi shina lililokufa, lakini ule mkono wake mlegevu ndio dawa.

Istanbul nilipita tu, uwanja wa ndege. Wanaume kutoka nchi mbalimbali walitembea na utepe mweusi kwenye paji na vichwa vyenye vitone vyekundu, wametoka kupandikizwa nywele, hakuna anayejificha. Lilinigusa hilo. Ila upandikizaji ni wa wenye pesa, na kwa aliyeharibiwa na misuko hauna maana kama atarudi kukazwa vile vile.

Kwa hiyo, dada yangu, kwanza mwambie msusi wako aache vidole viwili mbele, na akikuambia itaonekana, mwambie ashushe misuko ifunike. Ukiona vipele vidogo vyeupe kwenye shina, au ngozi imeinuka, fumua siku hiyo hiyo, hata kama umelipa jana. Nywele za ukingoni hurudi mvuto ukiachwa mapema. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa, mashina yamekwisha. Usisubiri ifike huko: nenda kliniki ya ngozi. Katika hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wanafanya kazi katika hospitali zetu. Na binti yako akilia kitini, msusi alegeze. Hicho kilio kisikilizwe kwanza, picha ya sikukuu itafuata.