Kuku wa Mama Jirani



Leo naomba ruhusa niwasimulie jambo lililotokea nyuma ya nyumba yangu, katika banda la kuku. Wengi wenu mnafuga, au wazazi wenu wanafuga, na mnajua uchungu wa kuamka asubuhi na kuhesabu kuku pungufu. Lakini siwaandikii kwa sababu ya kuku tu. Katika kuwalinda kuku wangu nilimdhulumu kijana wa umri wenu, na deni hilo mpaka leo sijamaliza kulilipa.

Sisi tunaoishi kwenye vilima vya Bukavu tunajua thamani ya kuku. Ndiye anayemlipia mtoto minervali mshahara unapochelewa. Ndiye anayempokea mgeni wa ghafla, na siku ya matoleo makubwa ndiye anayepelekwa mbele ya altare, miguu imefungwa. Mimi nilikuwa na matetea tisa na jogoo mmoja. Banda nililijenga kwa mikono yangu: nguzo za mikaratusi, mabati mawili ya zamani, na wavu wa waya upande wa mbele. Wavu ulikuwa wa bei rahisi, wenye matundu mapana, nami niliusimamisha juu ya udongo bila kuuchimbia. Kwenye pembe moja, kati ya bati na nguzo, palibaki mwanya wa kiasi cha ngumi yangu. Niliuona na kuuacha. Kuku hawakuweza kutoka, nami nikaridhika. Sikujiuliza ni nani angeweza kuingia.

Katika juma la pili la Kwaresima tetea mmoja alitoweka. Siku tatu baadaye akatoweka wa pili, kisha wa tatu. Hapakuwa na damu, ila manyoya machache tu. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha.

Nyuma ya nyumba yetu, katika chumba kimoja cha kupanga, alikuwa akiishi mama mmoja na watoto wake wanne. Walikuwa wamekimbia vita kutoka upande wa Kalehe. Mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka 15, alituchotea maji kila siku kwenye bomba la mtaa, nasi tulimpa kitu kidogo. Alikuwa akipita karibu na banda langu kabla ya mapambazuko. Kwangu mimi ushahidi huo ulitosha. Nani mwingine alipita pale gizani?

Jioni ile tulikutana kwa sala katika jumuiya yetu ya msingi. Ulipofika wakati wa matangazo nikasimama, nami sikutaja jina la mtu. Nilisema tu kwamba tangu wageni walipofika mtaani kwetu, kuku hawalali salama. Watu wote wakageuka kumtazama mama yule. Nilijua kwamba wangegeuka, na ndiyo sababu nilisema hivyo.

Kesho yake nyumbakumi alimwita kijana kumhoji. Kijana alinitazama akasema, “Mwalimu, si mimi.” Sikumjibu. Jioni watoto wa mtaani walimfuata njiani wakimwita mwizi, na ninyi mnajua neno hilo linaweza kumfikisha mtu wapi katika miji yetu, hasa usiku, hasa akiwa mgeni asiye na ukoo wa kumtetea. Mama yake aliogopa. Alimpeleka Kamanyola kwa mjomba wake ili maneno yapoe. Kisha alinijia nyumbani na kuku mkononi, kuku aliyemkopa sokoni. Akasema, “Mwalimu, pokea huyu, yaishe.” Nikampokea. Nawaandikia neno hili kwa aibu: nikampokea, nikamtia bandani pamoja na wale sita waliobaki, na usiku ule nililala usingizi mzuri.

Usiku wa nne mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi nilimkuta kuku wa mama yule chini ya kichanja, hana kichwa. Kijana alikuwa Kamanyola. Katika tope, mbele ya ule mwanya wa pembeni, palikuwa na nyayo ndogo zilizofanana na nyayo za paka. Nilizifuata mpaka kwenye migomba chini ya kilima, na huko, chini ya majani makavu, nikayakuta manyoya ya kuku wangu watatu wa kwanza. Nilikaa chini palepale, ingawa palikuwa na maji.

Usiku uliofuata nilikesha na tochi. Alikuja baada ya saa sita: mnyama mwembamba, mwenye madoa meusi na mkia mrefu wenye pete. Vitabu vya Kiswahili humwita kanu. Aliingiza kichwa katika mwanya, na pale kichwa chake kilipopita, mwili wote ulifuata kama maji. Nilipiga kelele, akatoroka. Hakuwa na kosa. Ndivyo Mungu alivyomwumba, naye hutafuta chakula chake. Mwanya ulikuwa wangu.

Vijana wapendwa, tangu siku ile nimejifunza kusoma alama kabla ya kusema neno, nami nawapa mafunzo hayo kwa kuwa yatawafaa. Mwewe huja mchana, naye hunyakua vifaranga. Nguchiro pia hutembea mchana, na hupenda mayai. Panya huiba mayai na vifaranga usiku. Mbwa akiingia huua wengi na kuwaacha wametawanyika. Siafu hufika kwa maelfu, nao hushambulia hata koo aliyeatamia mayai. Kanu huja usiku na mara nyingi hushika shingo au kichwa. Mwizi wa kibinadamu naye yupo, siwezi kumkana, lakini kwa kawaida huvunja kufuli na kuondoka na kuku wengi kwa mara moja. Kila adui ana saa yake na njia yake. Anayemtaja kabla ya kutazama udongo hujitaja mwenyewe.

Banda nimelijenga upya. Sakafu sasa ni ya mbao, imeinuliwa karibu mita moja kutoka chini, na miguu yake inasimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, ili siafu wasipande. Wavu ni wa waya mgumu, wenye matundu yasiyozidi nusu inchi. Uwanja wa mchana nao umezungushiwa wavu uliochimbiwa sentimita 30 ardhini na kukunjwa kuelekea nje, hivi kwamba mnyama anayechimba anakutana na waya. Majani marefu ya kuzunguka nimeyafyeka, maana adui hupenda kujificha karibu. Mayai naokota kabla ya jioni. Vifaranga wa majuma ya kwanza hukaa chini ya kitunga. Mlango una vipingo viwili, nami huufunga jua linapozama, si baada ya chakula, wala si baada ya habari za redio.

Kazi hiyo ya jioni haina sifa, tena huchosha kwa sababu hurudi kila siku. Lakini kuku haoni vizuri gizani. Usiku ukishaingia hutulia juu ya kichanja chake, hawezi kukimbia. Kwa hiyo banda lenye mwanya ni hatari kuliko mti, kwa kuwa kuku ameliamini, na mle ndani hana pa kukimbilia.

Nilipokuwa nikipigilia misumari nilifahamu kwamba maneno hayo yalimhusu pia yule kijana. Yeye na mama yake walikuwa wamekimbia usiku, wakaingia katika jumuiya yetu kama kuku waingiavyo bandani, wakiamini kwamba ndani ni salama. Mwanya waliopatia maumivu haukuwa kwenye ukuta. Ulikuwa katika kinywa changu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatufundisha kwamba mtu anayekubali moyoni mwake kosa la jirani bila msingi wa kutosha ana hatia ya hukumu ya haraka, na anayeharibu jina la mwingine kwa maneno ya uongo ana hatia ya kusingizia. Namba 2487 inaongeza jambo ambalo wengi tunalisahau: hata baada ya kusamehewa, wajibu wa kurekebisha madhara unabaki. Nilipokwenda kwenye kitubio, padri hakunipa sala tu. Aliniuliza ni mahali gani niliposema maneno yale, kisha akaniambia nirudi mahali palepale.

Nilisimama tena katika jumuiya, wakati uleule wa matangazo. Safari hii nilitaja majina: la kijana na langu. Nilieleza habari ya mwanya, nyayo na manyoya. Miguu yangu ilitetemeka kuliko siku ile ya kwanza, kwa maana kumshtaki mtu kulikuwa rahisi sana. Baadaye nilimpelekea mama yule matetea wawili. Aliwapokea kwa adabu, akawaweka chini, kisha akaniambia, “Mwalimu, kuku nilikurudishia. Mtoto wangu utamrudishia nini?” Sikuwa na jibu. Nilikwenda Kamanyola mwenyewe nikaomba msamaha mbele ya mjomba wake.

Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Yezu anamwita Herode mbweha, na mistari miwili tu baadaye anajilinganisha mwenyewe na kuku anayekusanya vifaranga chini ya mabawa yake. Zamani nilisoma maneno hayo bila kushangaa. Sasa nashangaa. Mbele ya mbweha angeweza kujiita simba. Alichagua kuwa mnyama asiye na meno, ambaye silaha yake ni mabawa na mwili wake mwenyewe. Yeye hakusanyi vifaranga vyake kwa kumfukuza kifaranga wa jirani. Nami, nilipoogopa adui, nilitumia meno.

Kijana alirudi Bukavu baada ya Pasaka. Amerudi pia katika kundi la vijana wa parokia, naye huimba sauti ya tatu. Tunasalimiana. Bado anatuchotea maji, lakini haingii tena uani. Anaweka dumu langoni, anabisha mara moja, na kuondoka kabla sijafika. Kila asubuhi nalibeba dumu lile kutoka langoni mpaka jikoni. Simwambii aingie. Nangoja.

Maswali ya kutafakari katika kundi

1. Ni nani katika mtaa au parokia yetu anayeshukiwa kwanza kila kitu kinapopotea? Kwa nini ni yeye?

2. Je, nimewahi kumsema mtu bila kutaja jina lake, nikijua kwamba wote wangemfahamu? Ni mahali gani ninapopaswa kurudi?

3. Ni mwanya gani niliouona katika kazi yangu au katika familia yetu, nami nikauacha kwa kuwa ulikuwa mdogo?

Ee Bwana, utupe macho ya kutazama udongo kabla ya kufungua kinywa, na mikono ya kuziba mianya yetu wenyewe. Uwafunike kwa mabawa yako wote waliokimbia makwao. Amina.