Besi ya Mtumba

Bumu lilipotoka mwezi wa kumi na moja, nilifanya jambo ambalo sikumwambia mama mpaka Krismasi. Nilinunua gitaa la besi. Siyo jipya, la mtumba. Shilingi 270,000 taslimu. Kwa wanaolijua bumu la siku 60, najua mmeshapiga hesabu ya msosi na mmeona kwamba hapo kuna mtu atakula wali maharage mchana na chai kavu usiku. Mtu huyo alikuwa mimi.

Swali la kwanza ambalo kila mtu hosteli aliniuliza ni: kwa nini besi? Kwa nini usinunue gitaa la kawaida, uimbe, watu wakusikie? Jibu langu ni la mwaka jana, usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Bendi ya wanachuo ilikuwa inapiga, watu wanacheza, ghafla muziki ukawa kama umekatwa miguu. Mwimbaji yupo, solo lipo, kinanda kipo, dramu zipo, lakini watu wakapoa. Waya wa besi ulikuwa umechomoka. Jamaa aliinama, akachomeka, ukumbi mzima ukainuka tena. Sidhani kama walikuwepo watu kumi waliojua kilichotokea. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na spika na nilikisikia tumboni. Nikasema, hicho kitu nakitaka.

Na aibu yangu ni kwamba mimi ni mtoto wa Morogoro. Mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Nimekua nikisikia zilipendwa kila Jumapili kwenye redio ya mama, Sikinde na Msondo wakipokezana, na miaka yote hiyo nilisikia waimbaji na matarumbeta tu. Besi ilikuwepo, sikuwahi kuisikia. Siku hizi ndiyo inayonifikia kwanza.

Tangazo la gitaa nililiona kwenye simu. Muuzaji alikuwa Sinza, aliyewahi kupiga kwenye bendi za hotelini, sasa anauza vipuri vya pikipiki. Bei aliyoanza nayo ni 350,000. Sikwenda peke yangu. Nilimwomba dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, anasoma uhandisi na anapiga besi kanisani kwao, anisindikize. Yeye ndiye aliyenifundisha kukagua, na kwa faida ya mwanachuo mwingine mwenye tamaa kama yangu, nayaandika hapa.

Kwanza, shika gitaa kama fundi seremala anavyoshika mbao: weka jicho mwisho wa shingo na uangalie kama imenyooka. Kupinda kidogo sana kunarekebishika, maana ndani ya shingo za besi nyingi kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa spana. Kupinda kama bakora, ondoka. Pili, piga kila uzi kwenye kila freti, taratibu, na usikilize kama kuna mahali sauti inakwaruza au inakufa. Tatu, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, kisha ukandamize hapohapo upige tena. Sauti mbili hizo zilingane. Zisipolingana, gitaa linahitaji marekebisho. Nne, lichomeke kwenye spika na uzungushe kila kitufe.

Hilo la nne hatukulifanya. Muuzaji alisema spika yake iko kwa fundi, nasi tukamwamini kwa sababu tulikuwa tumeshalipenda gitaa. Tukapatana 270,000 pamoja na mkoba uliochanika zipu. Jioni ile tulipolichomeka kwenye spika ya bendi, kimya. Waya wa ndani, pale jeki inapoingia, ulikuwa umeachia. Fundi redio mmoja wa Mwenge alifungua, akaunga kwa risasi, akanidai 5,000. Nilikuwa na bahati. Ingeweza kuwa laki.

Nyuzi nazo zilikuwa na kutu na mafuta ya vidole vya mtu mwingine. Seti mpya ya nyuzi nne niliambiwa 45,000, hela ambayo sikuwa nayo tena. Dogo akaniambia wapiga besi wasio na hela huchemsha nyuzi. Nikadhani ananitania. Lakini ni kweli: unazitoa, unazichemsha dakika chache, uchafu uliojaa kwenye mizunguko unatoka, unazikausha vizuri, sauti inarudi kwa muda. Jiko la umeme ni marufuku hosteli, kwa hiyo sitasema nilichemshia wapi. Rumeti wangu alifungua sufuria akidhani ni tambi.

Hapo ndipo masomo yalipoanza.

Gitaa la besi lina nyuzi nne tu: E, A, D, G, kuanzia ule mnene. Mtu mwenye Hisabati kama mimi anaona nyuzi nne na kusema, hii kazi ya wiki mbili. Uzi wa E unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, sauti ya chini kiasi kwamba spika ya simu haiwezi kuitoa vizuri. Siku tatu za kwanza nilikuwa natafuta besi ya wimbo mmoja kwenye simu nikiamini wimbo hauna besi, mpaka nilipoazima hedifoni. Na kwa kuwa sikuwa na spika yangu, niligundua kwamba ukigusisha kichwa cha gitaa kwenye kabati la mbao, kabati zima linaimba. Rumeti wangu pia aligundua, saa sita usiku.

Vidole viliniuma wiki ya kwanza, vikaota sugu wiki ya tatu. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni muda. Dogo alinipa zoezi moja: pakua programu ya kuhesabu mapigo, weka mapigo 60 kwa dakika, piga E mara moja kwa kila pigo. Basi. Noti moja, uzi mmoja, vidole viwili vya mkono wa kulia vikipokezana.

Sikuweza.

Nilikuwa nakimbia. Pigo la nne linafika mimi nimeshalipita. Nikijirekebisha, nachelewa. Dogo anasema, “Dada, unakimbia,” nami nasikia niko sawa kabisa. Wiki ya pili, nakimbia. Wiki ya tatu, Jumamosi nyuma ya jengo la madarasa, wakapita wanafunzi wawili wa darasa langu, wakasimama kuangalia, nikakosea hata ile noti moja. Mmoja akacheka, tena kwa upendo tu. Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikaliweka gitaa kwenye mkoba, nikamwambia dogo nina kazi ya kukusanya.

Usiku ule nililala na sura ya mtu niliyekuwa nimemsahau.

Julai na Agosti mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, wiki sita, shule moja ya kata. Nilipewa Hisabati kidato cha pili. Kulikuwa na kijana mmoja anakaa dirishani. Tulikuwa kwenye milinganyo. Kila nilipomwita ubaoni, akihamisha namba upande wa pili wa alama ya usawa, haigeuzi ishara. Nilimweleza mara ya kwanza. Nilimweleza mara ya pili, kwa maneno yaleyale, kwa sauti ya juu zaidi. Mara ya tatu nikasema mbele ya darasa, “Lakini hili si tulishasema?” Darasa likacheka. Sikuwazuia, kwa sababu na mimi nilitabasamu. Kuanzia wiki iliyofuata, vipindi vyangu vya Jumanne kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Niliambiwa anakaa nyuma ya madarasa mpaka kipindi kiishe.

Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba baadhi ya wanafunzi hawana ari ya kujifunza. Ripoti ile nilipata A.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho darasani hatukisemi. Wengi wetu tunaosomea ualimu wa Hisabati, Hisabati haijawahi kutuumiza. Ndiyo maana tuko hapa. Mimi sijawahi kuwa mzito wa chochote shuleni. Sikujua kabisa mtu anajisikiaje anapoelezwa jambo dogo, anaelewa kila neno, na mkono bado unakataa. Nilikuwa nimejibu swali la mtihani kuhusu Vygotsky, lile eneo lililo kati ya anachoweza mwanafunzi peke yake na anachoweza akisaidiwa. Nilipata maksi zote. Kumbe nilijua kuliandika tu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa shingo upande. Dogo hakuuliza kwa nini niliondoka. Alichukua gitaa lake, akakaa ubavuni mwangu badala ya mbele yangu, akaanza kupiga noti ileile ya E. Hakusema nakimbia. Alipiga tu, nami nikapiga, labda dakika kumi. Mahali fulani katikati nikasikia mlio wangu umetangulia wake, kidogo sana, kama mtu anayekanyaga kisigino cha mwenzake njiani. Nikasikia mwenyewe. Nikarudi nyuma. Noti zetu mbili zikawa moja, zikaachana, zikawa moja tena. Dogo akanyanyua macho, akasema, “Ehe.” Basi.

Huyo ana miaka 19 na hajasoma hata kozi moja ya saikolojia ya elimu.

Krismasi nilienda nyumbani na gitaa mgongoni, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuficha. Mwezi ule wa kumi na moja nilimtumia mama 20,000 badala ya 50,000 ninazomtumiaga kwa ajili ya mdogo wangu, nikamwambia bumu limechelewa. Nilimwambia ukweli jikoni, akikanda unga. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Ungesema tu, mwanangu. Sasa umeshajua kupiga?”

“Bado, mama.”

“Basi jifunze. Isije ikawa umepoteza hela na uongo wote ule.”

Hiyo 30,000 nimeshairudisha, kwa kufundisha tyusheni watoto wawili wa jirani na chuo. Naanza kila kipindi kwa kukaa ubavuni mwao.

Sitaki mtu amalize kusoma akidhani gitaa limenifanya mwalimu bora. Bado nakimbia. Naweza kupiga nyimbo mbili mpaka mwisho, moja nikiwa nimefumba macho. Kuna besi moja ya Sikinde nimeifukuzia mwezi wa pili sasa na inanipita palepale kila siku. Nyuzi zangu nimezichemsha mara tatu na haziwezi kuvumilia mara ya nne.

Na kuna jambo ambalo halirekebishiki kwa kuchemsha. Mwezi wa pili nilimpigia mwalimu wa Hisabati wa ile shule, kumsalimia, na katikati ya salamu nikamuuliza kuhusu yule kijana. Amerudia kidato cha pili. Sisemi ni kwa sababu yangu. Wiki sita za mwanafunzi wa chuo haziwezi kubeba mzigo wote huo, na mtihani ule una masomo mengi. Lakini kwenye zile wiki sita nilikuwa mwalimu wake, na nilitabasamu.

Julai tunakwenda tena kufundisha. Fomu ya kuchagua shule ilipokuja, wenzangu waliomba shule za karibu na nyumbani. Mimi nimeomba ileile. Nikipangiwa, na kama bado yupo, atakuwa anasoma mada ileile ya milinganyo kwa mara ya pili. Sijui nitamwambia nini. Ninachojua ni mahali pa kuanzia: siyo ubaoni. Nitavuta kiti mpaka pale dirishani, nichukue kalamu yangu na yeye yake, tufanye swali moja, jepesi, kwa pamoja.