Msikiti wa Old Kampala na mbao za kwetu

Mama Presidente aliniomba niandike juu ya safari niliyofanya Kampala wakati wa likizo kubwa, nilipomsindikiza mama mdogo aliyekwenda kununua vikwembe. Habari za soko sitazieleza, kwa sababu mmekwisha kuzisikia kwake mwenyewe, na vikwembe mmeviona. Nitaeleza juu ya jengo moja tulilotembelea: msikiti wa taifa la Uganda, ulio juu ya kilima cha Old Kampala. Katika chama chetu tuko Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu. Habari hii inatufaa sote, kwa kuwa inagusa jambo tunalozungumza katika kila mkutano, yaani ile nyumba yetu ya wamama ambayo msingi wake umekaa miaka mitatu bila ukuta.

Safari ni ndefu. Tulipanda mto hadi Kisangani, kisha tukashika barabara ya Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa na Komanda mpaka Bunia. Kutoka huko tulienda Mahagi, tukavuka mpaka pale Goli, tukapita daraja la mto Nil huko Pakwach, na baada ya hapo ni lami mpaka Kampala. Anayejua barabara zetu anaelewa kwa nini nilifika nikiwa na vumbi hata ndani ya masikio.

Kampala ni mji wa vilima. Jina lenyewe limetoka kwa swala aina ya impala waliokuwa wakilisha pale zamani. Waganda walikiita kilima cha impala. Mwaka wa 1890 afisa Mwingereza, Kapteni Lugard, alijenga boma lake juu ya kilima hicho, na mji wa wakoloni ukaanzia hapo. Ndiyo maana leo kinaitwa Old Kampala, yaani Kampala ya zamani. Kila kilima cha jirani kina nyumba yake ya sala au ya ufalme. Namirembe kuna kanisa kuu la Waanglikana, Rubaga kuna kanisa kuu la Wakatoliki, Kibuli kuna msikiti ulio mkongwe kuliko huu ninaouandika, na Mengo kuna jumba la Kabaka.

Uislamu ulifika Buganda mwaka wa 1844, wakati wa Kabaka Suuna wa Pili, ukiletwa na wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja. Wakristo walikuja zaidi ya miaka 30 baadaye. Habari hiyo si ngeni kwetu. Wafanyabiashara wa namna hiyo hiyo, waliotoka pwani hiyo hiyo, ndio waliofika kwenye maporomoko ya Kisangani na kushuka mto wetu. Mnamo 1887 Tippu Tip, mtu wa Unguja, alikubaliana na Stanley awe gavana wa Stanley Falls. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, na waliwakamata watu wetu wakawafanya watumwa. Hilo wazee wetu hawakulisahau, na watoto darasani lazima walisome. Lakini pia walituachia lugha hii ninayoandika sasa, na jamaa za Waislamu tunaoishi nao, ambao wengi huitwa Waarabizee. Kwa hiyo nilipopanda kilima cha Old Kampala sikujiona mgeni kabisa. Historia ya huko na ya kwetu zilipita katika njia moja.

Tuje kwenye jengo lenyewe. Mwaka wa 1972, wakati wa Rais Idi Amin, Waislamu wa Uganda waliunganishwa chini ya baraza moja kuu, na kilima hiki wakapewa wao. Miaka hiyo ujenzi wa msikiti mkubwa ulianzishwa. Mwaka wa 1979 Amin alipinduliwa, na kazi ikasimama. Jengo lilikaa bila kumalizika zaidi ya miaka 20, likinyeshewa mvua juu ya kilima ambacho mji wote unakiona. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule kazi iliposimama alisoma, akaoa, akapata watoto wake, na jengo bado ni lile lile.

Mwaka wa 2001 Kanali Gaddafi wa Libya aliahidi kulimaliza. Kazi ilianza upya, na mwaka wa 2006 msikiti ulikamilika. Mwezi wa tatu wa 2008 Gaddafi mwenyewe alikuja kuufungua, mbele ya marais kadhaa wa Afrika, ukaitwa Msikiti wa Gaddafi. Mwaka wa 2011 aliuawa katika vita vya nchi yake. Mwaka wa 2013 jina lilibadilishwa ukaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda, kwa kuwa wakubwa wapya wa Libya hawakutaka kuutunza ukiwa na jina la mtu yule. Muyashike mambo hayo, nitayarudia.

Kwa mgeni mambo yamepangwa vizuri. Anayekuja kusali halipi kitu, mtalii hulipa na kupewa mtu wa kumwongoza. Mwanamke asiye na nguo ndefu au kitambaa cha kichwa huazimwa pale pale mlangoni. Sisi wawili tulikuwa na vikwembe vyetu na vilemba, tukapita. Msichana mmoja Mzungu aliyevaa suruali alifungwa kikwembe, naye akamwomba mama mdogo amwonyeshe namna ya kukikaza kisianguke. Viatu mnaviacha nje, kisha mnapanda ngazi pana mpaka kwenye sebule kubwa ya wazi yenye nguzo na matao.

Kwa watoto wetu wanaosomewa gazeti hili, nitaeleza sehemu za msikiti kama ninavyoeleza darasani. Kuba ni lile paa la mviringo, kama bakuli lililogeuzwa. Uzuri wake si wa macho tu. Uzito wake huteremka pande zote mpaka kwenye kuta na nguzo, na hewa ya moto hupanda juu, watu walio chini wakapata nafuu. Old Kampala kuna kuba kubwa moja katikati na madogo kandokando, yote yenye rangi ya shaba. Mihrabu ni kama kishubaka kikubwa ndani ya ukuta, kinachoonyesha upande wa Makka. Mtu wa Kampala anayeelekea Makka hutazama kaskazini, akigeuka kidogo tu mashariki. Mtu wa Yangambi atageuka zaidi kwenda mashariki, kwa kuwa sisi tuko mbali zaidi upande wa magharibi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wachukue ramani wahakikishe. Mimbari ni mahali pa juu anaposimama imamu kuhutubia siku ya Ijumaa. Mnara ni wa kuadhini, yaani kuwaita watu kwenye sala. Siku hizi vipaza sauti ndivyo vinavyofanya kazi hiyo.

Ndani ni kimya na baridi. Zulia limetandikwa kutoka ukuta mpaka ukuta, taa kubwa zinaning'inia chini ya makuba, na vioo vya rangi vinamwaga nuru nyekundu na ya bluu juu ya zulia. Ndani kuna roshani ya juu, ambako wanawake husali. Husemwa kwamba msikiti hupokea watu kama 15,000. Mama mdogo alikaa chini karibu na nguzo, akasema hapo ndipo miguu yake ilipopumzika kwa mara ya kwanza tangu tutoke Bunia.

Kijana aliyetuongoza alijua Kiswahili kidogo. Alitueleza kwamba vioo vilitoka Italia, taa zilitoka Misri, zulia lilitoka Libya. Kisha akaniuliza, “Mama, mmetoka Kongo?” Nikamjibu ndiyo, tumetoka mbali, upande wa Kisangani. Akagonga mlango kwa vidole. “Basi mama, hii mbao ni ya kwenu.”

Nilitia mkono. Ni mbao nzito, ya kahawia inayoelekea wekundu, imechongwa na kupakwa mafuta mpaka inang'aa. Nilifurahi kweli, nilimwita mama mdogo aje aguse naye. Lakini usiku sikulala upesi. Wote mnajua sauti za misumeno zinazotoka msituni kwetu, na mmeona mbao zinavyopandishwa mtoni kwenda Kisangani. Mbao nyingi za Tshopo na Ituri huendelea na kamiyo mpaka mashariki na Uganda. Sisi wa Yangambi tunaishi penye elimu kubwa ya miti. INEAC ilianzishwa hapa mwaka wa 1933, leo ni INERA. Nyumba yetu ya mimea iliyokaushwa ina mifano zaidi ya 150,000, na kuna mkusanyo wa vipande vya mbao za kila namna ambao wenye elimu wanatoka mbali kuuona. Tuna mti wa afromozia, ambao tangu 1992 umewekwa katika orodha ya kimataifa ya miti ambayo biashara yake lazima ichungwe. Na katika darasa langu watoto wanne hubanana kwenye benchi la wawili. Fundi wa kutengeneza mlango kama ule tunaye, naye hutengeneza majeneza zaidi kuliko milango.

Kabla ya kuondoka tulipanda mnara. Ngazi zake zinapita 300, zinazunguka zinazunguka. Mama mdogo alisimama mara sita, akafika. Juu unaona Kampala yote: mabati, magari madogo yaliyojazana uwanjani kama mchwa, na vile vilima vya sala vikitazamana. Kijana alituonyesha kanisa la Namirembe. La mbele yake liliteketea kwa radi mwaka wa 1910, waumini wakaanza tena, na hili la sasa likamalizika mwaka wa 1919. Nikalinganisha majengo yale mawili. Moja liliungua, na baada ya miaka tisa lilikuwa limesimama tena. La pili lilisimama zaidi ya miaka 20 likimngoja mtu mwenye mali.

Sisemi kwamba kupokea msaada ni vibaya. Bila fedha ya Libya, pengine msikiti ule ungekuwa kuta tupu mpaka leo, na Waislamu wa Kampala wanaisali humo kwa furaha. Lakini tazameni yaliyofuata. Aliyetoa alikufa, jina likafutwa mlangoni, na paa likabaki palepale, linataka kupanguswa, kupakwa rangi, kubadilishiwa taa. Zulia la ukubwa ule hufuliwa na nani, kwa fedha ya nani? Nilimuuliza kijana, akanionyesha kibanda cha tiketi. Fedha ya wageni, hata hiyo yetu ndogo tuliyolipa, ndiyo inasaidia matunzo. Yaani jengo la rais linaangaliwa sasa kwa noti ndogondogo za watu wanaopita.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano. Tunapita kila siku mbele ya nyumba za matofali za wakati wa INEAC, zilizojengwa imara, na miti imeota ndani yake. Ukuta haukukosa nguvu. Ilikosekana mikono ya kuziba tundu la kwanza la paa.

Kwa hiyo nalipeleka wazo langu kwenu. Wengine kati yetu wanasema tungoje mfadhili, wengine wanasema tuanze na likelemba. Mimi nasema tuanze, na tuanze na mambo mawili. La kwanza ni sanduku la matunzo, lililo mbali na sanduku la ujenzi, ambalo kila mama ataweka franka 500 kwa juma hata kabla ukuta haujasimama. Mfadhili akija atakuta tunajua kutunza. Asipokuja, hatutakuwa tumekaa bure. La pili ni mlango. Tuagize mlango wa mbao ya hapa, ya mti uliokatwa kwa ruhusa, kwa fundi wa hapa, na watoto wetu wapande miche mingine kando ya parsele. Nataka binti zetu wauguse mlango mzuri wa mbao ya Yangambi bila kuvuka mpaka.

Najua mama mweka hazina ataniuliza hesabu. Tuko wanachama 64. Kwa franka 500 kila juma ni franka 32,000, na kwa mwezi ni franka 128,000. Haitoshi kujenga, lakini inatosha kununua bati na misumari pale mvua itakapofungua tundu. Mwenye neno alilete Jumapili baada ya ibada, na anayemjua fundi mzuri wa milango aje naye.