Vilima vya Iguhu na Msitu wa Kakamega

Sisi watu wa pwani, yakitajwa matembezi, fikra zetu huelekea ufuoni. Ni familia chache zinazokumbuka magharibi ya Kenya, ingawa mabasi ya usiku huondoka Mombasa kila siku kwenda huko. Wiki hii tunawaalika wasomaji, hasa akina mama wanaopanga likizo za watoto, waitazame Iguhu, mji mdogo wa vilima katika kaunti ya Kakamega, na msitu mkubwa ulio upande wake wa mashariki. Matembezi haya yatosha siku mbili: siku ya kwanza bondeni, siku ya pili msituni.

Iguhu ipo katika nchi ya Waidakho, mojawapo ya makabila ya Waluhya, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500. Asubuhi huwa na baridi, na mgeni wa pwani atahitaji sweta. Salamu ya wenyeji ni "Mulembe," maana yake amani, na hujibiwa kwa neno lilo hilo. Mtu aliyelelewa kwa "Salamu alaikum" hahitaji kufundishwa mara mbili. Wala si ajabu kwamba wageni wa pwani hawaonwi kuwa watu wapya katika nchi hii. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika Mumias, magharibi ya hapa, tangu karne ya 19, ikaingia katika himaya ya Nabongo Mumia, na Uislamu ukaota mizizi huko hadi leo.

Matembezi ya siku ya kwanza yaanze kileleni, kwenye nyumba na mashamba. Njia ni za udongo mwekundu, nyembamba, zikipita kati ya mahindi, maharagwe, migomba na mikaratusi. Kila boma limepakana na jingine, kwa kuwa nchi hii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi mno nchini. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo hewa inavyozidi kuwa nzito, mpaka afike kwenye vijito vinavyoelekea mto Yala. Hapa chini zamani palikuwa na vinamasi vya mafunjo na miti ya kivuli. Sehemu kubwa imefyekwa ili kulima mboga na mahindi, maana ardhi ya juu haitoshi tena.

Bonde hili limewafunza wanasayansi jambo ambalo kila mzazi angependa kulijua. Katika miaka ya 2000, watafiti wa malaria walifanya kazi kwa miaka mingi hapa Iguhu. Waligundua kwamba mbu waenezao malaria huzaliana zaidi chini bondeni, na kwamba nyumba zilizo karibu na bonde ndizo zenye mbu wengi kuliko zile za kileleni. Waligundua pia kwamba mafunjo na miti ikiondolewa, vidimbwi hupigwa na jua, maji yakapata joto, na viluwiluwi vya mbu vikakua upesi. Hata ndani ya nyumba, pale miti ilipokatwa, joto liliongezeka kiasi cha kumwezesha mbu jike kumeng'enya damu haraka na kutaga mapema zaidi. Basi mti uliosimama kando ya kijito si pambo tu. Unahusika na homa ya mtoto aliyelala nyumba ya pili.

Mtu asimlaumu mkulima kwa wepesi. Mama mwenye robo eka na watoto watano hulima pale panapolimika. Lakini mtembezi anayepanda tena kilima kwa njia ya upande wa pili, akatazama nyuma, huona wazi kwamba kileleni na bondeni ni nyumba moja, na kinachofanywa chumba kimoja husikika chumba kingine.

Siku ya pili tunaelekea mashariki, tukipitia Khayega na Shinyalu hadi Isecheno, kilipo kituo cha walinzi wa misitu. Wenye nafasi wanaweza kwanza kusimama Ilesi, kando ya barabara kuu ya Kisumu na Kakamega, kulitazama jabali maarufu liitwalo Mwamba Unaolia, ambalo maji huutiririkia mwili wake mithili ya machozi.

Msitu wa Kakamega ndio msitu pekee wa mvua nchini Kenya ulio wa jamii ya misitu mikubwa ya Kongo. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1933, na sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Mto Yala, ule ule tuliouacha bondeni Iguhu, hupita kusini mwa msitu huu kabla ya kuendelea na safari yake kwenda Ziwa Victoria.

Chukueni kiongozi wa njia hapo Isecheno. Vijana wa huko wanaijua miti kwa majina yake ya Kiluhya na matumizi yake. Watakuonyesheni mwiritsa, ambao magome yake hutumika kutengeneza dawa ya tezi dume, na ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995 kwa sababu ulikuwa ukichunwa hadi kufa. Juu ya matawi huruka mbega weusi wenye mabega meupe, na mara husikika mabawa ya hondohondo yakivuma kama kipepeo cha jikoni. Vipepeo wenyewe ni wa aina zaidi ya 400. Watoto watapata la kuhesabu.

Njia ya mzunguko hupanda kilima cha Lirhanda. Ubavuni mwake mna handaki la wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, ambalo sasa ni makazi ya popo. Kileleni msitu wote huonekana umetandazwa kama zulia, na ukingo wake unaonekana vilevile: mahali miti inapokoma ghafla na mashamba kuanza. Mkirudi mtakutana na wanawake wamejitwika mizigo ya kuni kavu, ambazo huziokota kwa kulipia kibali. Tuwapishe njia na tuwaamkie. Wao huitembea njia hii kwa ajili ya chungu cha jioni, na msitu ukiisha watakaotembea mbali zaidi ni wao.

Sasa machache ya kujiandaa. Buibui refu hunaswa na miiba. Suruali pana chini ya gauni la kufika magotini na viatu vya kufunga vinafaa zaidi. Soksi zifunike miguu ya suruali, kwani siafu ni wengi. Miezi mikavu ni Desemba hadi Februari. Miezi mingine ondokeni alfajiri, maana mvua hupenda kunyesha alasiri. Kibla huku ni kaskazini, ikielemea mashariki kidogo, na Magharibi huingia takriban dakika 20 baada ya Mombasa. Chakula cha wenyeji, ugali kwa mlenda au mgagani, ni kitamu. Kuhusu nyama, ulizeni mchinjaji. Msisahau vyandarua, na muulizeni daktari kuhusu kinga ya malaria kabla ya safari.

Familia ikirejea pwani, watoto wapelekwe pia kutazama mikoko ya Tudor au kaya ya Kinondo, waulizwe: hapa nako ni nani anayekingwa na miti hii? Waliopanda na kushuka vilima vya Iguhu hawatashindwa kujibu.