Nilivyoishusha Sukari ya Mzee

Nilimshusha mgonjwa sukari nusura nimuue, na wakati huo nilijiona hodari. Mimi ni daktari wa usingizi. Mzee yule, mwenye kisukari cha miaka mingi, alikuwa ametoka kupandikiziwa mishipa ya moyo, bado kalala kwa dawa, mpira wa kupumulia mdomoni.

Nilikuwa nimeshikilia utafiti wa Leuven, Ubelgiji, wa mwaka 2001: sukari ikibanwa kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kwa lita, vifo vya mahututi waliopasuliwa hupungua. Utafiti mwingine, NICE-SUGAR wa 2009, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 6,000, ulionyesha kinyume: waliobanwa hivyo walikufa zaidi kuliko walioachiwa hadi 10. Niliusoma. Nikajipa moyo kwamba wengi wa Leuven walikuwa wagonjwa wa moyo, kama wangu.

Kipimo cha kidole kikasoma 9. Nikaongeza kasi ya dripu ya insulini. Kikasoma 7, nikaongeza tena. Sikujali kwamba vidole vyake vilikuwa vya baridi, wala kwamba damu iliyopitia mashine ya moyo na mapafu huwa imezimuliwa, na damu nyepesi hukifanya kipimo kile kionyeshe sukari nyingi kuliko iliyopo. Aliye macho sukari ikimshuka huona njaa, hutetemeka, hupayuka. Aliyelazwa kwa dawa atamwambia nani?

Muuguzi wa zamu ndiye aliyeniita. "Dokta, mapigo yamepanda, na shuka limelowa jasho. Tuchukue damu ya ateri." Majibu: 2.1. Tukasimamisha insulini, tukamsukumia glukosi mshipani. Potasiamu nayo ilikuwa chini, maana insulini huisukumiza ndani ya seli, na ikipungua moyo huenda mrama.

Aliamka, ila kwa kuchelewa. Mwanawe aliponiuliza sababu nilimjibu, "Dawa za usingizi, kaka, zimekawia kuisha." Kwenye faili niliandika ukweli, yeye nilimficha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kosa la dripu lilitokana na ujuaji; uongo niliuchagua.

Siku hizi siendi chini ya 6 wala sivuki 10. Insulini ikiwa inapita, napima damu ya ateri kila saa, na potasiamu pamoja nayo. Likitokea la kutokea, ndugu huambiwa siku hiyohiyo, na mwenye kusema ni mimi.